SOMO LA 8: MGENI KATIKATI YA WALIOUZWA

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwa. 37:12–36, Kut. 21:16, Kumb. 5:12–15, Kumb. 23:15, 16, Yer. 29:4–7, Eze. 3:10–15, Mdo. 16:11–40; Ebr. 13:1–3, Ufu. 18:11–13.

Fungu la Kukariri: Waebrania 13:3. Lifungue katika Biblia yako, lisome kwa sauti, kisha ulikariri juma hili lote. Angalia hasa namna mtume anavyotaka tuwakumbuke waliofungwa: si kama watu wa mbali wanaohurumiwa, bali kana kwamba sisi wenyewe tumefungwa pamoja nao.

Mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani na washirika wake walitoa makadirio kwamba watu milioni 49.6 walikuwa wakiishi katika utumwa wa siku hizi mwaka 2021. Kati yao, milioni 27.6 walikuwa katika kazi za kulazimishwa, na milioni 22 katika ndoa za kulazimishwa. Hesabu kubwa namna hiyo huweza kutufanya tutikise kichwa, tuseme “dunia imeisha,” kisha tugeuze ukurasa. Lakini Mungu hahesabu watu kwa mamilioni. Humwita kila mmoja kwa jina.

Wapo Wakristo walioitika wito wa kwenda nchi nyingine ili kuwatafuta na kuwatunza watu waliouzwa. Mara nyingi tunasimuliwa juu ya uokoaji wao tu. Hatusimuliwi juu ya miezi ile ya kwanza: lugha isiyokaa mdomoni, chakula kigeni, barua za vibali, upweke wa jioni, na swali linalorudi usiku, “Hivi nimekuja kufanya nini hapa?” Wahenga walisema kwamba mgeni ni kuku mweupe. Kila mtu humwona anapopita, wala hana pa kujificha.

Juma hili tutajifunza mambo mawili kwa pamoja: namna ya kukaa ugenini kwa uaminifu, na namna ya kuwatumikia waliouzwa bila kuwaumiza mara ya pili. Tutaona kwamba mambo haya mawili hayatengani. Aliyeonja ugeni huanza kumwelewa aliyeporwa nyumbani kwake.

*Jifunze somo la juma hili kujiandaa kwa Sabato ijayo.*

JUMAPILI
Aliyeuzwa na Ndugu Zake

Soma Mwanzo 37:18–36. Orodhesha hatua ambazo ndugu zake Yusufu walizipitia, tangu walipomwona akija mpaka alipofika nyumbani kwa Potifa. Ni nani waliofaidika, na ni nani waliodanganywa?

Yusufu alikuwa na umri wa miaka 17. Alikuwa mbali na nyumbani, ametumwa na baba yake kuwajulia hali ndugu zake. Walimvua kanzu, wakamtupa shimoni, kisha wakaketi kula. Msafara uliokuwa ukishuka Misri na ubani na manemane ulipopita, bei ilipatanwa: vipande ishirini vya fedha. Baba aliletewa kanzu yenye damu, akaachiwa afikiri mwenyewe kilichotokea.

Itifaki ya Palermo, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2000, huutambua usafirishaji haramu wa binadamu kwa mambo matatu. La kwanza ni tendo: kumsajili mtu, kumsafirisha, kumhamisha, kumhifadhi au kumpokea. La pili ni njia: nguvu, vitisho, udanganyifu, au kuutumia unyonge wake. La tatu ni lengo, yaani kumnyonya. Aliye chini ya miaka 18 hahitaji kuthibitishiwa njia iliyotumika. Tendo na lengo vinatosha. Tanzania ilitunga sheria yake juu ya jambo hili mwaka 2008, na Kenya mwaka 2010. Soma tena habari za Yusufu ukiwa na vipimo hivyo mkononi. Zote tatu zimo, na yeye alikuwa mtoto.

Soma Kutoka 21:16, Kumbukumbu la Torati 24:7 na 1 Timotheo 1:9, 10. Mungu analihesabuje tendo la kumwiba mtu na kumwuza?

Sheria ya Musa ilimwadhibu mwizi wa ng’ombe kwa kulipa. Mwizi wa mtu iliadhibu kwa kifo. Ng’ombe ana bei, lakini mtu hana, kwa kuwa ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Paulo naye aliwaweka waibao watu katika orodha moja na wauaji na waongo.

Miaka mingi baadaye ndugu wale, wakiwa mbele ya mtawala wa Misri wasiyemtambua, walikumbuka jambo moja: kijana alikuwa amewasihi, nao hawakusikia (Mwa. 42:21). Hawakusema kwamba hawakujua. Sauti ilikuwa masikioni mwao siku ile, nao waliendelea kula.

Tafakari: Je, kuna sauti ya namna hiyo karibu nawe ambayo umeizoea mpaka huisikii tena? Ni ya nani?

JUMATATU
Kuketi Walipoketi

Soma Ezekieli 3:10–15. Nabii alifanya nini alipofika kwa wahamishwa wa Tel-abibu? Kwa nini hakuanza kwa kuhubiri?

Ezekieli alikuwa na ujumbe kutoka kwa Mungu, tena alikuwa na uchungu na moto rohoni. Lakini alipowafikia watu walioondolewa kwao kwa nguvu, aliketi walipoketi, akakaa siku saba katikati yao akiwa ameduwaa. Ujumbe ulingoja. Kwanza ilibidi aone walivyoishi.

Hili ndilo fungu gumu kwa mtu aliyetumwa ng’ambo. Kanisa la nyumbani limemwombea na kumchangia nauli, na sasa linangoja taarifa. Naye hana la kuandika ila kwamba amejifunza kusalimu, amepotea mara mbili sokoni, na jirani amemcheka kwa upole alipokosea neno. Huona aibu, kana kwamba anakula fedha za Bwana bure. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ni kweli, lakini jembe la kwanza la mmishenari ni lugha. Mtu hawezi kusikia kilio katika lugha asiyoijua. Msichana aliyedanganywa hatamweleza siri yake mkalimani ambaye huenda ni binamu wa aliyemwuza.

Soma Yeremia 29:4–7. Mungu aliwaagiza wahamishwa wafanye mambo gani ya kawaida kabisa?

Jenga, panda, kula, oa, omba kwa ajili ya mji. Hakuna hata moja katika haya lifanyikalo kwa siku moja. Bustani ya mboga ni ahadi kwamba utakuwepo wakati wa kuvuna. Waliouzwa wameshaahidiwa mengi na watu waliokuja na kuondoka. Wanamtazama mgeni mpya na kupima kimya kimya: huyu naye ataondoka lini?

Mtumishi wa Bwana, Ellen G. White, aliyajua majira haya. Aliwasili Australia Desemba 1891 akiwa na umri wa miaka 64. Muda mfupi baadaye ugonjwa wa viungo ulimshika, naye aliteseka karibu miezi kumi na mmoja. Mwanzoni alijuta kuivuka bahari, akajiuliza kwa nini hakubaki Marekani. Lakini aliendelea kuandika akiwa kitandani, na hatimaye alikaa huko mpaka mwaka 1900. Sehemu kubwa ya kitabu juu ya maisha ya Kristo kilichotoka mwaka 1898 iliandikwa katika nchi ile aliyoanza kuishi kwa machozi.

Tafakari: Ukiwa mgeni mahali, iwe ni mji mwingine, shule au kazi mpya, ni nani aliyekupokea? Alifanya nini hasa? Ni nani sasa anayehitaji umfanyie hivyo?

JUMANNE
Mama wa Dohnavur

Soma Kumbukumbu la Torati 23:15, 16 na Mathayo 18:1–6, 10. Mafungu haya mawili yanadai nini kwa mtu ambaye mlango wake umegongwa na mkimbizi, na hasa mtoto?

Amy Carmichael alizaliwa mwaka 1867 katika kijiji cha Millisle, kaskazini mwa Ireland. Hakuwa Mwadventista, lakini tunaweza kujifunza mengi kwake. Alikwenda kwanza Japani mwaka 1893, akaugua, akalazimika kuondoka. Mwaka 1895 alifika India. Alijifunza Kitamil kwa taabu. Aliacha mavazi ya Kizungu, akavaa kama wanawake wa nchi ile. Alitembea vijijini kusini mwa India pamoja na wanawake Wakristo wenyeji, akihubiri Injili. Hakwenda India kwa ajili ya watoto waliouzwa. Kwa miaka kadhaa hakujua hata kwamba wapo.

Mwezi Machi 1901 msichana wa miaka saba aitwaye Preena aliletwa kwake. Alikuwa ametolewa kwenye hekalu, mahali ambapo wasichana wadogo “waliozwa” kwa mungu wa hekalu na, wakikua, wengi wao waliingizwa katika ukahaba. Preena aliwahi kutoroka akarudi kwa mama yake, lakini alirudishwa, na mikono yake ikachomwa kwa chuma cha moto kuwa adhabu. Alitoroka tena. Alipofika, alimkuta mwanamke mgeni aliyeweza kumsikiliza kwa Kitamil. Ile miaka iliyoonekana kupita katika kujifunza lugha, kuvaa na kutembea, sasa ilikuwa na maana.

Baada ya Preena walikuja wengine. Huko Dohnavur makao yalikua: nyumba za watoto, shule, baadaye hospitali. Kufikia mwaka 1913 wasichana walikuwa 130, na mwaka 1918 wavulana nao walianza kupokelewa. Watoto walimwita Amma, yaani mama. Kazi yenyewe ilikuwa ya nepi, maziwa, kuhara na usiku usio na usingizi. Wapo waliosema hiyo si kazi ya mmishenari. Mwaka 1931 alianguka na kuumia, na miaka iliyobaki aliishi zaidi chumbani mwake. Alifariki Januari 1951. Tangu alipofika India, miaka 55 ilikuwa imepita bila yeye kurudi kwao hata mara moja.

Tusifikiri kwamba mgeni huyu peke yake ndiye aliyeibadilisha nchi. Wahindi wenyewe walipigana vita hivyo. Daktari Muthulakshmi Reddy alilipeleka jambo hili katika baraza la kutunga sheria la Madras, na mwaka 1947 sheria ilipitishwa huko kukataza wasichana kutolewa kwa mahekalu. Mgeni mwenye busara hujua kwamba yeye si mwokozi. Mwokozi yupo, naye alikuwa akifanya kazi katika nchi ile kabla ya meli ya mgeni kutia nanga.

Tafakari: Ungeombwa kutoa miaka 55, ungejibuje? Na ungeombwa kutoa usiku mmoja kwa ajili ya mtoto aliyebisha hodi, ungejibuje? Kwa nini swali la pili huenda ndilo gumu zaidi?

JUMATANO
Msichana wa Filipi

Soma Matendo 16:16–24. Mabwana wa msichana huyu walikasirika kwa sababu gani hasa? Walitoa mashtaka gani mbele ya mahakimu?

Luka anaandika wazi: mabwana, si bwana mmoja, walikuwa wakipata faida nyingi kwa uaguzi wa msichana mmoja. Alipowekwa huru, hawakuona kwamba mtu amepona. Waliona kwamba tumaini la faida yao limepotea. Lakini walipofika mbele ya mahakimu hawakusema neno juu ya fedha. Walisema watu hawa ni Wayahudi, wanauchafua mji wetu kwa desturi zisizo zetu. Anayegusa faida ya mabwana hukumbushwa upesi kwamba yeye ni mgeni. Kibali chake cha kuishi nchini kinaweza kuanza kuchelewa, na maneno yakaenea juu yake sokoni.

Soma Ufunuo 18:11–13. Ni bidhaa gani iliyotajwa mwisho katika shehena ya Babeli? Hiyo inatuambia nini juu ya mfumo mzima?

Biashara ya watu haiendeshwi na chuki. Huendeshwa na faida. Wakala huyapata malipo yake, dereva yake, na anayeandika hati za uongo yake. Mwajiri hupata kazi ya bei rahisi, na mnunuzi hupata anachokitaka. Katika orodha ya Babeli miili na roho za watu zimewekwa pamoja na mdalasini, ng’ombe na magari, kwa sababu mwenye tamaa huviona vyote kwa jicho moja. Malaika anayetangaza anguko la mji huo anatangaza pia mwisho wa biashara hiyo.

Kuna jambo Luka hakutuandikia. Paulo na Sila walipigwa wakatiwa gerezani, na walipotoka walikwenda kwa Lidia, kisha wakauacha mji. Msichana alilala wapi usiku ule? Alikula nini, sasa kwa kuwa hakuwa na faida tena kwa mabwana zake? Hatujui. Lakini tunajua kwamba Filipi ilikuwa na nyumba iliyofunguliwa kwa ajili ya Injili, yaani nyumba ya Lidia, na kanisa lililozaliwa humo. Hapo ndipo kazi ya kanisa inapoanza: mtu anapokuwa amefunguliwa, na hana pa kwenda.

Wanaohudumu katika kazi hii hujifunza mambo kadhaa, mara nyingi baada ya kukosea. Kuvamia nyumba bila polisi, bila watu wa ustawi wa jamii na bila mahali pa kumpeleka mtu kunaweza kumhatarisha zaidi. Kumnunua mtu ili kumweka huru kunaweza kumpa mwuzaji fedha za kutafutia mwingine. Kumpiga picha msichana aliyeokolewa na kuituma kwa wafadhili ni kumtumia tena, safari hii kwa jina la Bwana. Na kumlazimisha asimulie yaliyompata ili mkutano uguswe ni kumrudisha shimoni. Yeye ndiye mwenye habari hiyo. Aisimulie akitaka, na akitaka asiisimulie.

Ndiyo maana kuzuia kuna thamani kubwa. Katika mkoa wa Chiang Rai, kaskazini mwa Thailand, shirika letu la ADRA limekuwa na makao kwa ajili ya wasichana wa jamii za milimani walio katika hatari ya kuuzwa. Hupewa mahali salama pa kuishi, nao huenda shule. Msichana ambaye hakuuzwa hana ushuhuda wa kusisimua wa kutoa jukwaani. Ana daftari na sare ya shule, na hilo linatosha.

Tafakari: Je, kanisa lako lingekuwa tayari kumpokea mtu aliyetoka utumwani kesho asubuhi? Angelala nyumbani kwa nani? Nani angempeleka hospitali, na nani angekaa naye kimya?

ALHAMISI
Sabato ya Mtumwa na ya Mgeni

Soma Kumbukumbu la Torati 5:12–15 na ulinganishe na Kutoka 20:8–11. Katika Kumbukumbu la Torati, ni sababu gani ya kuishika Sabato inayoongezwa? Ni nani waliotajwa kwa kurudiwa kwamba lazima wapumzike?

Katika Kutoka, Sabato inaelekeza kwenye uumbaji. Katika Kumbukumbu la Torati, Musa anawakumbusha kwamba walikuwa watumwa Misri, na Bwana akawatoa kwa mkono hodari. Kisha anaeleza kusudi waziwazi: mtumwa na mjakazi wapate kupumzika sawasawa na bwana wao. Mgeni aliye ndani ya malango naye ametajwa. Kwa hiyo kila Sabato ni ukumbusho wa watu waliofunguliwa. Farao hakuwapa siku ya kupumzika. Mungu aliwapa.

Wengi wa dada na kaka zetu kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na kwingineko wamekwenda kufanya kazi katika nchi za Ghuba. Wengi hupata waajiri wenye utu, hutuma fedha nyumbani, hujenga na kusomesha. Lakini chini ya mfumo unaoitwa kafala, ukaazi wa mfanyakazi hufungamanishwa na mwajiri, na mwajiri mbaya akichukua pasipoti na simu, nyumba huwa gereza. Wapo wasiojua Sabato inaanza lini ila kwa kulitazama jua dirishani. Mwadventista anayeishi katika miji ile, awe mhandisi, muuguzi au mwalimu, hakupelekwa huko kwa ajili ya mshahara peke yake. Anaweza kuwa yeye ndiye namba ya simu ambayo dada mmoja ameikariri. Naye aliye nyumbani na anayepanga kusafiri ashauriwe mapema: asome mkataba katika lugha anayoielewa, aache nakala ya pasipoti kwa ndugu, awe na namba ya ubalozi, na ahakikishe kwamba wakala amesajiliwa na serikali.

Lakini tusiitazame Ghuba peke yake. Tuangalie ndani ya malango yetu. Binti wa miaka 13 analetwa mjini kutoka kijijini. Wazazi wake wameahidiwa kwamba atasomeshwa. Anaamka wa kwanza, analala wa mwisho. Mshahara “anawekewa.” Shule itakuwa mwakani, na mwakani ni mwakani. Sabato asubuhi familia inavaa vizuri na kwenda kanisani, naye anabaki kupika, kwa kuwa wageni watakuja mchana. Pima jambo hilo kwa vipimo tulivyojifunza Jumapili. Alisafirishwa, ni mtoto, na ananyonywa. Kisha pima kwa amri ya nne, ambayo sisi tunajulikana kwayo.

Mwaka 1850 Marekani ilipitisha sheria iliyotaka mtumwa aliyetoroka arudishwe kwa bwana wake. Ellen White aliwaandikia Waadventista mwaka 1859 kwamba sheria hiyo wasiitii, hata kama yatawapata matokeo ya kuivunja. Waasisi wetu hawakuitenga Sabato na uhuru wa mtu. Nasi hatuwezi kuvitenga.

Tafakari: Kama binti wa kazi wa nyumba yako angeulizwa Sabato ni siku gani, angejibu “siku ya kupumzika” au “siku ya kazi nyingi”? Ni badiliko gani unaloweza kulifanya kabla ya jua kuchwa kesho?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma sura zinazomhusu Yusufu katika Wazee na Manabii cha Ellen G. White, kisha urudie Mwanzo 41:50–52.

Yusufu alipopata wana Misri, alimwita wa kwanza Manase, kwa kuwa Mungu alimsahaulisha taabu yake. Wa pili alimwita Efraimu, kwa kuwa Mungu alimfanya azae matunda katika nchi ya mateso yake. Majina yale ni ya Kiebrania. Miaka mingi ilikuwa imepita, naye alinyoa Kimisri, alivaa Kimisri, na alitumia mkalimani mbele ya ndugu zake. Lakini alipowapa watoto wake majina, aliwapa kwa lugha ya nyumbani kwa Mungu wake. Huko ndiko kukaa ugenini kwa uaminifu: kuipokea nchi bila kumsahau Bwana.

Tumkumbuke pia mjakazi mdogo wa nyumbani kwa Naamani (2 Fal. 5:1–4). Alitekwa na vikosi, akatumikishwa ugenini, wala jina lake halikuandikwa. Hakuna aliyemtuma wala kumchangia nauli. Hata hivyo alimwonea huruma bwana wake mgonjwa, na kwa neno lake jemadari alimfahamu Mungu wa Israeli. Hii haiuhalalishi utumwa wake. Inatuonyesha kwamba waliouzwa si watu wa kupokea huduma tu. Mungu huwatumia, na mara nyingi wao ndio wanaotufundisha imani.

Zaidi ya wote, yupo Yesu. Aliiacha nyumba ya Baba, akakaa ugenini kwetu. Alijifunza lugha ya Galilaya, akakaa Nazareti miaka mingi kabla ya kuhubiri hata mara moja. Mwishowe aliuzwa na rafiki kwa vipande thelathini vya fedha. Anaijua bei ya kuuzwa, na anaijua bei ya kukomboa, kwa kuwa zote mbili zilimpata yeye.

Maswali ya Kujadili:

1. Wahenga husema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Katika kazi ya kuwahudumia waliouzwa, ni mara ngapi mgeni ndiye anayeponywa na mwenyeji? Toeni mifano kutoka katika Maandiko na katika maisha yenu.

2. Kanisa linawezaje kumtegemeza mtu aliyekwenda kutumika ng’ambo wakati hana matokeo ya kuripoti? Ni maneno gani tunayomwandikia ambayo humsaidia, na ni yapi yanayomlemea?

3. Kijana wa kanisa lenu amepata “kazi nzuri” nje ya nchi kupitia mtu aliyekutana naye mtandaoni, ambaye amemkataza kuwaambia wazazi. Mtamshaurije bila kumvunja moyo? Ni maswali gani matano ambayo kila msafiri angeulizwa kabla ya kuondoka?

4. Mshiriki anayeheshimika sana, tena mtoaji mkubwa wa sadaka, anajulikana kuwa na mtoto wa kazi asiyelipwa wala kupelekwa shule. Watu wote wanajua, na wote wamenyamaza. Mathayo 18 na Kumbukumbu la Torati 5 zinaliagiza darasa hili lifanye nini? Nani ataanza, na lini?

5. Ombeni pamoja kwa ajili ya mtu mmoja aliye ugenini, na kwa ajili ya mtu mmoja ambaye huenda anazuiliwa mahali asipotaka kuwa. Kama mnajua la kufanya zaidi ya kuomba, msiondoke kabla ya kupanga nani atalifanya.